Jina la Mashine Siyo Mashine: Maswali 7 ya Kumuuliza Mteja Kabla Hujamuuzia Ekzosi

Mjasiriamali mwenzangu, leo posti ni ndefu kidogo. Vuta kiti. Inawahusu zaidi wanaouza spea kwa simu, ila hata kama unauza viatu au vyombo, kuna kitu chako humu.

Mimi nauza spea za pikipiki kutoka Kerende, huku Nyamongo, wilayani Tarime. Duka langu ni simu. Fremu sina. Mzigo unalala chumbani, picha zinakaa stetasi ya WhatsApp na kwenye makundi ya Facebook, mteja akilipa namtumia kwa bodaboda au namkabidhi kondakta. Mgodi wa North Mara upo jirani, watu wanatembea saa zote, na usafiri wa wengi ni pikipiki. Njia ni vumbi, mawe na vilima, kwa hiyo spea zinakufa haraka. Soko lipo.

Siku moja ikaingia meseji kutoka upande wa Serengeti, ng'ambo ya Mto Mara:

"Mura, vipi? Unaweza kunipatia ekzosi ya Raptor?"

Raptor ni pikipiki ya Yamaha ya matairi manne, ile ya michezo. Kijana huyo aliletewa na kaka yake kutoka Dubai, ikiwa imeshatumika. Bomba la moshi lilikuwa limeoza kwa chini, anataka jipya, na siyo la kawaida bali la kuongeza nguvu kama analoona kwenye video.

Nikajibu ndani ya dakika moja: "Ipo bosi."

Haikuwepo. Nilikuwa sijawahi hata kuigusa Raptor. Lakini si unajua sisi wauzaji wa mtandaoni, tunaogopa kuonekana hatuna. Nikatafuta, nikaona picha ya bomba linalong'aa, maelezo yameandikwa "Yamaha Raptor". Basi, hiyo hiyo. Mteja akatuma nusu ya pesa. Nusu nyingine nikaitoa kwenye mkopo wa VICOBA niliochukua kwa ajili ya matairi na cheni za bodaboda. Nikaagiza.

Mzigo ulipofika niliupeleka mwenyewe, kwa sifa zangu. Fundi akafungua bomba la zamani, akaliweka chini, akaliweka jipya pembeni yake. Akaangalia moja, akaangalia jingine. Akaniangalia mimi.

"Kaka, hii siyo yake."

Nilikuwa nimenunua ekzosi ya Raptor 660. Mashine ya kijana ilikuwa Raptor 700. Jina moja, mashine mbili. Ile ya 660 ilitengenezwa kuanzia 2001 hadi 2005 na inatumia kabureta. Ya 700 ilianza 2006, injini nyingine, mafuta yanaingia kwa injekta. Bomba la moja halikai kwenye nyingine hata ulisukume na nyundo.

Nilimrudishia kijana pesa yake yote, maana kosa lilikuwa langu. Ekzosi nikabaki nayo. Sasa niambie, Mara nzima nitampata wapi mtu mwenye Raptor 660? Mkopo wa kikundi niliulipa kwa miezi, kwa faida ya plagi na cheni. Ile ekzosi mpaka leo ipo chini ya kitanda.

HESABU AMBAYO HATUPIGI

Kabla ya maswali, tupige hesabu ya bidhaa kurudi. Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako.

Tuseme umenunua ekzosi ya bodaboda kwa 60,000. Unaiuza 75,000, na kuituma unalipa wewe 5,000. Faida yako ni 10,000. Safi.

Sasa imeshindwa kuingia, inarudi. Umerudisha 75,000 za mteja. Kupeleka ulilipa 5,000, kurudisha unalipa 5,000 nyingine. Fundi alijaribu kuifunga, imekwaruzika, haiuziki tena kwa bei ya mpya. Unaiachia kwa 50,000. Jumla umepoteza 20,000.

Maana yake ekzosi moja iliyorudi imekula faida ya ekzosi mbili zilizouzika vizuri. Ukiuza kumi na zikarudi nne, umefanya kazi ya kujitolea: faida ya sita ni 60,000, hasara ya nne ni 80,000.

Ndiyo maana dakika tano za kuuliza maswali ni pesa. Haya hapa saba. Ninayatumia kwa mashine yoyote, iwe ya matairi mawili au manne.

1. INJINI GANI, MWAKA GANI?

Usikubali jina peke yake. Boxer zipo za cc 100, 125 na 150. TVS HLX nazo zipo za 100, 125 na 150. Mteja akikwambia "nataka ya Boxer" hajakwambia kitu bado.

Kwenye za matairi manne ndiyo balaa zaidi. Honda TRX450R ya 2004 na 2005 siyo sawa na ya kuanzia 2006, injini ilibadilishwa. Yamaha YFZ450 ya kwanza ina kabureta, YFZ450R iliyokuja 2009 ina injekta na fremu ya aluminiamu. Herufi R moja tu imekugharimu mzigo mzima.

Omba picha, usiombe maelezo. Mimi naomba picha tatu: namba ya chasisi, bomba la sasa likionekana lote kwa pembeni, na pale bomba linapoingia kwenye injini. Kwa mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani, alama ya 10 kwenye namba ya chasisi yenye tarakimu na herufi 17 inaonyesha mwaka wa modeli: 6 ni 2006, A ni 2010, F ni 2015. Mashine zinazopita masoko mengine wakati mwingine hazifuati hilo, kwa hiyo chukua namba, mpe anayekuuzia, yeye athibitishe kwa maandishi kabla hujalipa.

2. UNATAKA MFUMO MZIMA AU KIPANDE CHA NYUMA?

Ekzosi ina sehemu kubwa mbili. Kuna shingo, yaani bomba linalotoka kwenye injini, na kuna sailensa, ule mtungi wa nyuma unaopunguza sauti. Nyingi za kubadilisha zinauzwa kwa namna mbili: sailensa peke yake inayochomekwa kwenye shingo ya zamani, au mfumo mzima.

Sailensa peke yake ni nafuu, nyepesi kusafirisha na rahisi kufunga. Mfumo mzima unaongeza nguvu zaidi ukirekebishwa vizuri, lakini bei inapanda na kazi ya fundi inaongezeka. Kwa mteja ambaye bomba lake limeoza nyuma tu na shingo ni nzima, kumuuzia mfumo mzima ni kumkamua bure.

Akitaka sailensa peke yake, lazima upate kipimo cha shingo: upana wa nje wa bomba kwa milimita. Fundi mwenye kipimo cha venia anamaliza kazi hiyo kwa nusu dakika. Tofauti ya milimita tatu inatosha moshi kuvuja au sailensa kugoma kuingia.

3. KABURETA AU INJEKTA?

Hapa ndipo wauzaji wengi tunapotea, mimi nikiwemo.

Ukifunga bomba linalopitisha moshi kirahisi zaidi, injini inapumua zaidi na hewa inayoingia inaongezeka. Mafuta yasipoongezeka kidogo, mchanganyiko unakuwa mkavu. Injini inapata joto kali, inapiga risasi ukiachia moto kwenye mteremko, na ikiendelea hivyo muda mrefu valvu na pistoni zinaumia.

Kwenye kabureta fundi anabadilisha jeti au anarekebisha sindano. Kwenye injekta hakuna cha kuzungusha. Kompyuta ya injini inahitaji kupangwa upya au kuongezewa kifaa cha kurekebisha mafuta. Kifaa hicho ni gharama, na mteja anatakiwa aijue KABLA ya kulipa, siyo baada.

Mwelekeze mteja aangalie plagi baada ya siku chache za kutembea. Rangi ya kahawia iliyofifia, mambo ni mazuri. Nyeupe, mafuta hayatoshi. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Ukimtumia maneno hayo kwa sauti WhatsApp, atakukumbuka mwaka mzima.

4. MASHINE INAFANYA KAZI GANI?

Kuna imani mtaani kwamba bomba likiwa pana, pumzi zinatoka, nguvu zinaongezeka. Siyo kila wakati.

Valvu ya moshi inapofunguka, wimbi la presha linakimbia ndani ya bomba. Likifika pale bomba linapopanuka, linarudi nyuma likiwa limegeuka kuwa mvuto, na hilo linasaidia kufyonza moshi uliobaki ndani ya silinda. Urefu wa bomba ndio unaamua wimbi lirudi wakati gani, na upana unaamua moshi ukimbie kwa kasi gani. Bomba la mashindano limepangwa kwa injini inayozunguka haraka sana. Mashine ya michezo ya matairi manne inayokimbia kwenye mchanga wa Dubai inafaidi hapo.

Bodaboda wa Kerende hayupo hapo. Yeye amebeba abiria wawili na gunia, anapanda kilima taratibu kwa gia ya pili. Bomba pana linapunguza kasi ya moshi kwenye mzunguko wa chini, na nguvu ya kuvuta inashuka pale pale anapoihitaji. Amenunua kelele, amepoteza mvuto, na mafuta yanaliwa zaidi kwa sababu anakaba moto muda wote. Halafu anakuja kwako kulalamika kwamba ekzosi yako ni mbovu. Siyo mbovu, haikuwa ya kazi yake.

Swali dogo humu humu: anabeba abiria? Kama ndiyo, ekzosi lazima iwe na kava ya joto upande wa nje. Angalia miguu ya watu sokoni, utaona kovu la bomba kwenye ndama ya mguu wa kulia. Boxer na HLX zina bomba upande wa kulia, ndiyo maana mwambie dereva awapandishe abiria kwa kushoto. Na mtu akiungua, ni maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Siyo dawa ya meno, siyo mafuta ya kupikia. Ukiuza ekzosi isiyo na kava kwa bodaboda, umeuza na kovu la mtoto wa mtu.

5. INAPITA WAPI?

Njia inaamua malighafi.

Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ni bei rahisi, lakini rangi ikikwanguliwa na mawe, masika yakija kutu inaanza. Chuma kisichoshika kutu, wengi wanaita stenlesi, kinadumu zaidi na bei yake ipo juu. Aluminiamu ni nyepesi, inafaa kwa kava ya nje ya sailensa, ila haifai kwa shingo kwa sababu ya joto. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Titaniamu ni nyepesi na imara, ila bei yake ni ya wenye pesa za mchezo.

Watu wengi wanapima stenlesi kwa sumaku: ikinasa wanasema feki. Sumaku siyo hakimu wa mwisho. Kuna stenlesi ya daraja la 304 ambayo kwa kawaida hainasi, na kuna ya daraja la 409, inayotumika sana kwenye ekzosi, ambayo INANASA na bado ni stenlesi. Ila 409 huwa inapata kutu ya juu juu, hivyo usimwahidi mteja itang'aa milele.

Na kama mashine inapita porini, uliza kuhusu wavu wa cheche. Ni wavu au kifaa kidogo ndani ya sailensa kinachozuia chembe za moto zisitoke nje. Sailensa nyingi za mashindano hazina. Kiangazi nyasi za huku zimekauka, upande wa Serengeti ndiyo usiseme. Cheche moja, au majani makavu yaliyoshikana na bomba la moto, yanatosha kuunguza shamba au malisho ya watu. Hilo deni hakuna mkopo wa kikundi utakaolilipa.

6. UNATAKA SAUTI GANI, NA UNALALA WAPI?

Vijana wengi wanakuja na ombi moja: "nataka inayounguruma." Sikatai biashara, lakini nawaambia ukweli.

Sauti inapimwa kwa desibeli, na hizo haziongezeki kama shilingi. Ongezeko la desibeli 10 sikio linalisikia kama sauti imekuwa mara mbili hivi. Ukiona tangazo la ekzosi ya matairi manne limeandikwa desibeli 96, ujue namba hiyo ina historia. California, Marekani, mashine za nje ya barabara zilizotengenezwa kuanzia 1986 haziruhusiwi kuzidi 96 zikipimwa karibu na bomba, kama nusu mita. Kwa hiyo ekzosi yenye namba hiyo imetengenezwa isizidi ukomo huo. Isiyo na namba yoyote, jiulize kwa nini.

Kwetu pia sheria ipo. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo kiwe katika hali inayofaa kuwa barabarani. Kuna pia kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na NEMC ndio wanasimamia mambo ya mazingira. Trafiki akimsimamisha mteja wako kwa kelele, atakayetukanwa jioni kwenye simu ni wewe.

Sailensa nyingi za mashindano ndani zina bomba lenye matundu lililozungushiwa nyuzi za kioo za kunyonya sauti. Nyuzi hizo zinaungua taratibu. Sailensa iliyokuwa na sauti ya wastani mwezi wa kwanza inakuwa kero baadaye, mpaka ifunguliwe na kujazwa upya. Za bodaboda za kawaida zina vyumba vya chuma ndani, hazina nyuzi, hazihitaji matunzo hayo. Nyingine huja na kizibo cha kupunguza sauti kinachotolewa kwa bolti moja. Kama unayouza inacho, mwambie mteja kipo na asikitupe.

Na mkumbushe: dereva anakaa juu ya hiyo sauti kutwa nzima. Sikio likifa halina spea.

7. NANI ATAIFUNGA?

Ekzosi nzuri ikifungwa vibaya inakuwa mbaya, na lawama zinarudi kwako. Ukiuza, mtumie mteja maelezo haya amsomee fundi:

Gasketi ya zamani isirudishwe. Pale bomba linapokutana na injini kuna pete inayobonyea mara moja tu. Weka mpya. Moshi ukivuja hapo, hewa inaingia na injini inapiga risasi hata kama ekzosi ni ya laki tano.

Stadi zikiwa zimeshika kutu, zisilazimishwe. Zinyunyiziwe mafuta ya kulegeza, zisubiri. Kichwa cha silinda ni aluminiamu, stadi ikikatikia ndani kazi imekuwa kubwa kuliko bei ya ekzosi.

Funga nati zote kwa mkono kwanza, bomba likae lenyewe, halafu ndiyo ukaze kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, bomba linakaa kwa nguvu na litapasuka kwa mtetemo wa barabara zetu.

Futa bomba kwa kitambaa safi kabla ya kuwasha. Alama za vidole zenye mafuta zikipata moto zinabaki hapo hapo. Moshi kidogo mara ya kwanza ni mafuta ya kiwandani, usiogope. Injini ikishapata moto na kupoa, kaza tena.

Mimi siku hizi gasketi naiweka ndani ya mzigo kabisa. Bei yake ni ndogo, lakini imenipunguzia malalamiko kuliko kitu kingine chochote nilichofanya.

TANGAZO LAKO LISEME NINI

Kwanza, stika. Utakutana na sailensa za bei ya chini zimebandikwa Akrapovič ya Slovenia au Yoshimura ya Japani. Kama siyo ya kwao, usiandike ni ya kwao. Kuuza bidhaa bandia kwa jina la kampuni ni kosa, na Tume ya Ushindani inashughulika na bidhaa bandia. Andika ukweli: "Sailensa ya chuma, ya kawaida, inaingia Boxer 150." Utashangaa, watu wananunua ukweli.

Pili, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Maneno uliyoandika chini ya picha ni ahadi. Kama umeandika "inaingia zote", umejifunga mwenyewe.

Tatu, piga picha zako mwenyewe. Piga sehemu ya kuungia na rula pembeni. Mzigo ukiwa na mkwaruzo, upige picha pia.

Hii hapa meseji ninayotuma mteja akiuliza. Nakili, badilisha utakavyo:

"Habari bosi, karibu sana. Ili nikupe inayoingia kweli, naomba picha tatu: namba ya chasisi, bomba la sasa kwa pembeni, na pale linapoingia kwenye injini. Pia niambie: unataka bomba lote au sailensa tu? Unabeba abiria au mizigo? Nikishahakikisha, ndiyo utalipia. Ikishindwa kuingia kwa kosa langu, nachukua mzigo na kurudisha pesa yako. Ikiwa vipimo ulivyonipa havikuwa sahihi, usafiri wa kurudisha ni wako. Tafadhali fundi ailinganishe na ya zamani KABLA ya kuifunga."

Sentensi ya mwisho ile ndiyo imeniokoa mara nyingi. Bomba lililolinganishwa chini, bila kufungwa, linarudi likiwa jipya.

NA WATAKAOKIMBIA?

Najua unachofikiria. "Nikiuliza maswali yote hayo mteja atakwenda kwa mwingine anayejibu 'ipo bosi'."

Wengine wataenda kweli. Sikudanganyi. Kuna wiki nimepoteza oda mbili kwa sababu ya kuuliza. Lakini sikiliza kilichotokea baadaye.

Kijana mmoja wa bodaboda hapa hapa Kerende alitaka bomba pana la kelele kwenye Boxer yake ya 150. Nilikuwa nalo, na faida yake ilikuwa nzuri. Nikamuuliza swali la nne: unafanya kazi gani? Akasema usiku anawahisha watu wa zamu, mchana anabeba mahindi. Nikamwambia, kaka, hili bomba litakula mafuta yako na kilima kitakushinda. Chukua hili la kawaida lenye kava. Akanuna. Akachukua shingo upande.

Baada ya wiki mbili akanipigia. Nikajua ni lugha. Kumbe anaulizia kama ninazo nyingine tatu, za wenzake wa kijiweni.

Na yule kijana wa Raptor? Nilipomrudishia pesa yake yote nilidhani nimemalizana naye. Siku moja akatuma picha tatu, chasisi ikiwemo, bila kuombwa. Chini kaandika: "Mura, hii ni 700. Safari hii tafuta taratibu, mimi sina haraka." Sikumjibu "ipo". Nilimjibu: "Nipe siku mbili niulize, nitakwambia kama ipo au haipo."

Ilipatikana. Ikaingia mara ya kwanza.

Hifadhi posti hii, mtumie mwenzako anayeuza spea. Na wewe uliyewahi kukwama na mzigo usioingia popote, tuambie: ulikuwa mzigo gani, na swali gani lingekuokoa?